Kalamu Chini Kikisemwa Kifipa

Siku ya kuniaga, ninyi vijana wa masijala mlininunulia keki na kuandika jina langu juu yake kwa sukari ya pinki: Skolatika. Herufi moja ilikuwa imeanguka njiani. Nikawaambia msihangaike, tutairekebisha kwenye yatokanayo ya kikao kijacho, na mkacheka kwa adabu kama mnavyowachekea wazee. Kisha mmoja wenu, simtaji, akaniuliza, "Bibi Skola, hivi kwenye vikao vya ndani mtu unajuaje cha kuandika na cha kuacha?" Nikamjibu kwamba atazoea. Lilikuwa jibu la mvivu, na tangu siku ile linanikera. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kumjibu.

Vyeo vyangu na mishahara yangu sitavisimulia. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara ilikuwa mifupi, na vyote havitawafundisha kitu.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha taipu na hatimkato, sweta alilonifuma mama, na viatu vya kuazima. Nilitoka Msanzi juu ya lori la maharage, mwezi wa saba, upepo wa Sumbawanga ukinikata masikio. Ofisini nilipokewa na karani mkuu, Mzee Gaudensi, mtu mfupi aliyevaa koti kubwa kuliko yeye na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa amesoma seminari akatoka kabla ya mwisho, na alikuwa bado anatembea kama mtu aliye kanisani. Nilimpa shikamoo. Akaipokea, akanitazama mikono, akasema, "Kalamu utashika siku ya nne."

Nilidhani ananitania. Siku tatu nilikaa naye kwenye vikao mikono mitupu, na kila kikao kilipofungwa aliniuliza, "Wameamua nini?" Mimi nilianza kumweleza kwamba Ndugu fulani alisema hivi, Ndugu fulani akambishia. Aliniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, sikukuuliza nani kasema nini. Nimekuuliza wameamua nini." Siku ya tatu jioni niliweza kumjibu kwa sentensi moja. Alitoa penseli nyuma ya sikio akanikabidhi. Ilikuwa na joto bado.

Yeye ndiye aliyenifundisha lugha ya mihtasari, ambayo ni Kiswahili lakini inahitaji mkalimani. "Baada ya majadiliano marefu" maana yake walifokeana. "Baada ya majadiliano ya kina" maana yake mmoja alitoka akabamiza mlango, akafuatwa, akarudi. "Mjumbe mmoja alitoa angalizo" maana yake alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Majina ya waliogombana hayaandikwi, kwa sababu kesho watakutana kwenye ibada au msibani, na karatasi ina kumbukumbu ndefu kuliko hasira.

Kazi yangu hasa ilikuwa vikao vya ndani. Nilikuwa naazimwa huku na huku kwenye kamati za kata, kwa sababu wachapaji wenye viapo vya siri tulikuwa wachache. Mlango ukifungwa, anabaki mwenyekiti, wajumbe, na karani. Karani haongei. Hapigi kura, hacheki, hata kukohoa anakohoa kwa kiasi. Baada ya kikao nachapa nakala tano, kila moja na namba yake, mashine ile ya chuma ikigonga mpaka vidole vinakufa ganzi. Halafu nachukua karatasi za kaboni nilizotumia na kuzichoma kwenye jiko la mkaa la mama mpishi, kwa sababu kaboni ukiiweka kwenye mwanga inasomeka kama barua. Mama mpishi alizoea. Alikuwa akiniona naingia ananisogezea jiko na kuniuliza kama leo siri zimeiva.

Na kulikuwa na kanuni moja ambayo haijaandikwa popote, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Mzee Gaudensi aliniambia siku ya kwanza niliyoshika kalamu: "Kikisemwa Kifipa, kalamu chini."

Sababu yake ilikuwa ya upole. Vikao vilikuwa vya Kiswahili, kama ilivyo lugha ya ofisi. Lakini wajumbe wengi nyumbani walikuwa Wafipa, na mtu akikasirika au akiumia, Kiswahili kinamwishia. Anahamia Kifipa. Pale anaweza kusema jambo ambalo kesho angelijutia, na wenzake wakamjibu hivyo hivyo, na wakishamaliza mwenyekiti anasema, "Haya, turudi kwenye kikao." Kila mmoja alijua kwamba yaliyosemwa katikati hayapo. Ilikuwa kama kutoka nje kupunga upepo bila kuinuka kwenye kiti. Mimi ni Mfipa, nilisikia kila neno, na kwa miaka mingi niliweka kalamu juu ya daftari, nikatazama dirishani mpaka Kiswahili kirudi. Niliipenda kanuni ile. Niliona ina huruma.

Sasa niwaambie ilivyoniponza.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara milango. Mtaani Majengo, maduka yaliyozoea rafu tupu yalijaa sabuni, redio na mitumba. Mahindi yetu, ambayo zamani yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, sasa yalifuatwa na malori ya watu binafsi hadi mashambani, na kila aliyekuwa na lori alitaka ghala. Ardhi iliyokuwa majani tu ikaanza kuulizwa ni ya nani.

Katika kata moja ukingoni mwa mji, kata ambayo nitaiacha bila jina, alikuwepo mjane Msukuma aliyeitwa Milembe. Sisi tulimwita Mama Kulwa, kwa kuwa alikuwa na mabinti mapacha, Kulwa na Doto. Yeye na mumewe walihamia na ng'ombe wao miaka mingi nyuma, wakapewa mahali na wazee wa pale kwa mdomo, kama ilivyokuwa zamani. Mume alifariki, wakamzika nyumbani, pembeni mwa zizi, kama wafanyavyo kwao. Mama Kulwa akabaki na ng'ombe, mabinti, na maziwa ambayo aliyapitisha mitaani kila asubuhi. Kifipa alikijua kwa njia hiyo, mlango kwa mlango. Alikisema kwa lafudhi ya Kisukuma iliyotufanya tucheke, na yeye akicheka pamoja nasi. Mimi nilikuwa mteja wake. Aliniita mdogo wangu.

Mfanyabiashara mmoja aliomba kujenga ghala la mahindi kwenye sehemu ya chini ya eneo lake, karibu na barabara. Kamati ya ardhi ya kata ikaketi kikao cha ndani, na Mama Kulwa akaitwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Oswald, mtu mzima, sauti nzito, mwenye kuheshimiwa. Walimweleza. Alikaa kwenye benchi mikono mapajani, akasema kwa Kiswahili, "Sehemu ya chini ndiyo ng'ombe wanapitia kwenda majini. Nikiwapa hiyo, kesho mtataka na ya juu. Na juu kuna mtu wangu amelala."

Ndipo Mzee Oswald akavua miwani, akamgeukia, akahamia Kifipa. Nikaweka kalamu chini.

Alimwambia maneno ambayo kwetu baba humwambia mtu anayemkaribisha akae. Kwamba nyumba ile, zizi lile na kaburi lile, hapatakuwa na mkono wa kuvigusa, yeye akiwa hai na mabinti zake baada yake. Na kwamba anayasema hayo si kwa kinywa chake peke yake bali kwa vinywa vyote vilivyomo chumbani. Wajumbe wote waliitikia. Hata Bwana Khamisi, mwenye duka la vifaa Majengo, aliyezaliwa hapa hapa na kukiongea Kifipa tangu utoto, aliitikia. Mama Kulwa alishuka kwenye benchi, akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama tufanyavyo mtu anapopokea neno kubwa. Macho yangu yalijaa machozi. Kisha Mzee Oswald akavaa miwani, akasema, "Haya, turudi kwenye kikao," na Mama Kulwa akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kuachia sehemu ya chini.

Nilichapa muhtasari safi kabisa. "Baada ya kueleweshwa, Bibi Milembe alikubali kuachia sehemu ya chini ya eneo." Basi. Ulithibitishwa bila marekebisho. Nikachoma kaboni zangu.

Ghala likajengwa. Miaka mitatu ikapita. Mzee Oswald alifariki, uchaguzi ukabadilisha wajumbe karibu wote, na mwenyekiti mpya akawa Ndugu Deogratias, kijana kiasi, aliyekuja na mafaili yake kwapani. Nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na mimi watu wa karatasi siwezi kuwasema vibaya. Mwenye ghala akaomba kupanua, safari hii kuelekea juu. Kamati ikaketi ndani, Mama Kulwa akaitwa.

"Mliniahidi," alisema. "Mlisema ya juu haiguswi. Mimi na watoto wangu."

Ndugu Deogratias akafungua jalada, akasoma muhtasari wangu kwa sauti, kuanzia mahudhurio hadi kufunga kikao. Halafu akauliza kwa upole tu, "Imeandikwa wapi, mama?"

Bwana Khamisi, aliyekuwa amebaki peke yake kati ya wajumbe wa zamani, akasema, "Mheshimiwa, nakumbuka marehemu alimwambia jambo. Lakini jambo lenyewe hasa, siwezi kuliapia."

"Tukianza kufuata yasiyoandikwa, hatutamaliza," Ndugu Deogratias akajibu. Wakakubaliana kuahirisha wiki mbili, ili Mama Kulwa alete ushahidi wake kama anao. Karani haongei. Sikuongea. Niliandika, "Bibi Milembe alitakiwa kuleta uthibitisho," kisha, bila kujua, nikaiandika tena.

Mama Kulwa alinisubiri koridoni. Nilijua atanifokea, na nilikuwa tayari kwa hilo. Hakunifokea.

"Mdogo wangu," alisema, "siku ile nilikuona. Nilikuona na macho yangu unaweka kalamu chini. Nikasema moyoni, ameshaandika, ndiyo maana ameweka."

Akaenda zake. Asubuhi iliyofuata maziwa yalipita mtaani kwetu, yakaupita mlango wangu.

Jumamosi nilikwenda Malangali kwa Mzee Gaudensi. Alikuwa amestaafu, nikamkuta shambani nyuma ya nyumba, koti lile lile, anafukia majani kwenye matuta ya maharage. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye mfereji, na nikamaliza kwa kusema kwamba nilifuata kanuni yake. Nilisema hivyo kwa uchungu, nafikiri nilitaka abebe nusu ya mzigo.

Aliegemea jembe. "Mimi nilikufundisha kuficha hasira za watu," alisema. "Ahadi zao sikukufundisha kuzificha."

"Ilisemwa Kifipa, Mzee."

"Nimesikia. Kwa hiyo ilisemwa na mtu mzima, kwa lugha ya mama yake, macho yakiwa kwa mjane. Ulitaka iwe ahadi zaidi ya hapo?" Kisha uso wake ukalegea. Akaja akasimama karibu nami. "Na mimi sikukufafanulia. Nilikuwa nakuona mwepesi wa kuelewa, nikadhani hilo utalijua mwenyewe. Kosa ni letu wawili, mwanangu. Ila mimi siwezi kuingia mle ndani tena. Wewe unaingia."

Nilimwambia ninavyoogopa. Ulikuwa mwaka wa kupunguza wafanyakazi, majina yalikuwa yanabandikwa ubaoni, na karani anayekiri kwamba muhtasari wake uliothibitishwa ulikuwa na pengo amejiandikia jina lake. Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Hakunipa moyo wala hakunitisha. Alinichimbia viazi vya kubeba, akanisindikiza hadi barabarani, na kabla hatujaachana akaniuliza, "Maneno yenyewe unayakumbuka?" Nikayasema yote, pale barabarani, kwa Kifipa. Akavua kofia.

Niliandika barua kwa mwenyekiti nikiomba kusikilizwa kama shahidi. Siku ya kikao, ilipofika zamu yangu ya kusema, kulitokea tatizo ambalo hakuna kozi iliyonifundisha: karani hawezi kuandika maneno yake mwenyewe. Nani ataandika? Wajumbe wakatazamana. Bwana Khamisi akanyoosha mkono, nikampa daftari na kalamu, nikaenda kukaa kwenye benchi la wanaoitwa. Ni benchi la chini. Miaka yote sikujua kwamba ukikaa pale unawatazama wajumbe kwa kuinua shingo.

Nikasema kwamba muhtasari ule niliuandika mimi, na kwamba haukukamilika.

"Na wewe wakati huo ulikuwa unafanya nini?" aliuliza Ndugu Deogratias.

"Nilikuwa nimeweka kalamu chini, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jambo lilisemwa Kifipa."

Hakuna aliyecheka. Wote waliijua kanuni ile, na wote walikuwa wamewahi kujificha ndani yake. Kisha nikayasema maneno ya Mzee Oswald, kwa Kifipa, neno kwa neno, pamoja na sehemu ya vinywa vyote vilivyomo chumbani. Bwana Khamisi aliacha kuandika akasema, "Ndiyo. Ndivyo. Sasa naapa." Ndugu Deogratias alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye naye mama yake alimlea kwa lugha hiyo, na kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasikia akaendelea kuwa mwenyekiti tu.

"Rudia," alisema. Nikarudia. Akamgeukia Bwana Khamisi. "Yaandike hivyo hivyo alivyoyasema."

"Kifipa, Mwenyekiti? Mimi nakisema tu, sijawahi kukiandika."

"Andika unavyosikia."

Aliandika huku jasho likimtoka, akiniuliza kila mstari, na daftari lile lina mistari sita ambayo mwalimu yeyote angeipa sifuri. Chini yake kuna azimio la Kiswahili: sehemu ya juu ibaki kwa Bibi Milembe na watoto wake, na ghala lipanuliwe upande wa pili wa barabara. Azimio la pili lilinihusu mimi. Nipewe barua ya onyo kali. Mchapaji mwenye kiapo cha siri siku hiyo nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo barua ya onyo niliichapa mwenyewe, na kwa heshima ya kazi sikukosea hata herufi moja. Jina langu ubaoni halikuja. Nililisubiri miezi minane.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Anayekasirika, mwache aende nyumbani bila karatasi kumfuata. Anayeahidi, mwandike, kwa lugha yoyote, hata kama wenzake wote wametazama dirishani. Na kama hujui ni lipi kati ya mawili, mtazame anayesikiliza. Mama Kulwa alipiga magoti mbele yangu, na mimi nilikuwa nafuta machozi badala ya kuandika.

Nilidhani baada ya azimio mambo yameisha. Mama Kulwa alipoelezwa na kamati kwamba ameshinda, alishukuru, akatoka, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Wameniambia imeandikwa."

"Imeandikwa, dada."

"Safari ile pia waliniambia." Hakusema kwa ubaya. "Nataka niisikie."

Nilimweleza kwamba muhtasari wa kikao cha ndani ni siri, unakaa kwenye kabati lenye kufuli, hata anayehusika haonyeshwi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasimama pale pale. Nilikuwa na onyo lenye wino mbichi. Nilikuwa nimekula kiapo. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake na nakala namba tano ndani ya kikapu, chini ya kanga.

Tulikaa uani, upande wa zizi. Aliwaita Kulwa na Doto, ambao walikuwa wamekuwa wasichana wakubwa, akawakalisha mkekani mbele yangu. Nikasoma mistari ile sita kwa Kifipa, nikinyoosha tahajia ya Bwana Khamisi kwa ulimi. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikasoma tena. Safari ya tatu akawaambia mabinti wanifuatishe, mstari kwa mstari, na walipokosea aliwasimamisha wakaanza mwanzo. Nikamuuliza kwa nini anawachosha wakati karatasi ipo.

"Ipo kwenu," alisema.

Nilisoma mara tano. Mara ya sita Kulwa alisema peke yake, bila karatasi, kuanzia nyumba hadi kaburi hadi vinywa vyote vilivyomo chumbani, na Doto akamfuatia bila kuacha neno. Mama yao alisikiliza akiwa amefumba macho, midomo ikienda pamoja nao. Alipoyafungua akanisogezea kikapu changu.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Sasa unaweza kwenda kuifungia."